Daftari la Shemeji

Ugonjwa wa shemeji yangu, fundi viatu, ni treni za matengenezo ya reli. Ikipita moja tu, anakiacha kiatu chako na sindano ndani, anakimbilia uzioni kuandika namba ya injini daftarini. Wewe utajijua na mguu wako peku. Na mdogo wake, mume wangu, alikuwa kibarua wa treni hizohizo, akimwaga kokoto relini.

Siku injini iliporudi nyuma bila honi ikamkanyaga mume wangu, shemeji alikuwa palepale uzioni. Wachunguzi wakalisifu daftari lake: namba sahihi, saa sahihi, hadi dakika.

Nikamuuliza, “Shemeji, uliiona injini inarudi, na mdogo wako kaipa mgongo. Mbona hukumwita?”

Akabandua gundi vidoleni. “Nilikuwa sijamaliza namba.”