Mwano wa Mbuke

Mbuke alikuwa mjane wa pale Didia, mwenye ng'ombe wachache, ulimi mkali na macho mekundu. Macho yale hayakuwa na siri yoyote. Kuni zilikuwa adimu, tulipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ukiuvumilia miaka mingi, lazima macho yawe hivyo. Hata mimi jirani yake ninayo. Lakini miaka ile ya tisini wanawake wazee walikuwa wakikatwa mapanga huku kwetu kwa sababu ya macho mekundu, na watu wazima wenye akili zao walinong'ona kwamba huo si moshi, ni uchawi.

Kila Jumamosi Mbuke alipeleka samli mjini Shinyanga kwa Maniben, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Nyuma ya duka kulikuwa na televisheni na deki ya video, na Heena, binti wa nyumba, alikuwa akitazama mchezo wa polisi wa Ulaya anayemsaka mtu aliyeua wanawake mmoja baada ya mwingine. Heena alimtafsiria, akamwambia mambo yale yalitokea kweli. Bibi wa watu akasahau hata gari la kurudi.

"Mama Vumilia," aliniambia aliporudi, "yule muuaji alikuwa anakunywa chai na majirani zake."

Tangu siku hiyo tulikoma. Mbuke alikagua nyayo nyuma ya zizi. Aliyemsalimia kwa bashasha alimshuku, aliyepita kimya alimshuku zaidi. Valerian, mchimba visima aliyepanga kwa Mihayo, alimtia namba moja kwa sababu aliwahi kumuuliza kama analala peke yake. Na mimi sikuachwa. Nilimpelekea ugali na mlenda, akasema ameshiba, huku naona jiko lake halijawashwa tangu asubuhi. Iliniuma sana. Nilibeba bakuli langu nikaondoka bila kuaga, na kwake sikukanyaga tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesalimika na macho yake, Maduhu, mtoto wa marehemu dada yake. Mbuke alimlea tangu ananyonya, na mpaka anaoa alikuwa akimwita mayu, yaani mama. Maduhu aliishi bondeni, jirani na kisima cha kijiji. Mwaka ule alizika mtoto wa kiume, na baada ya matanga alikwenda kwa mganga kama wengi wanavyofanya. Alirudi mkimya, akaacha kupita kwa mayu wake. Mbuke alisema ni majonzi, akawa anampelekea maziwa kila asubuhi.

Kisha Jumamosi moja alishuka garini akaja kwangu moja kwa moja. Kwenye ule mchezo, alisema, polisi waliificha habari ya mahali maiti ilipopatikana, na muuaji akajiponza kwa kupataja mwenyewe. Sasa na yeye atawatega watu wa Didia. Atakwenda kisimani jioni, jua likingali juu ya mashamba ya pamba, apige mwano.

Kwetu mwano, ile kelele ya kuomba msaada, si mchezo. Ukilia, kila mwanamume anaacha alichoshika na kukimbilia unakotokea. Anayeupiga bure, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wanamtoza fahali. Nilimwambia amerukwa na akili.

"Wote watakimbilia kisimani," alisema. "Atakayekuja nyumbani kwangu ndiye anayejua kwamba maiti ni mimi. Wewe ukae ndani umwone."

Nilimuuliza kwa nini mimi, wakati hata ugali wangu aliuogopa.

"Ulikasirika. Mwenye nia mbaya angenibembeleza nile."

Nilikubali, na nisiseme uongo, nilitamani sana kumwona Valerian akiumbuka. Nikakaa chumba cha ndani, kwenye giza, nyuma ya jiwe la kusagia. Mwano ulipolia kutoka bondeni nilisisimka mwili mzima ingawa nilikuwa naungoja. Nikasikia wanaume wakipita mbio na marungu, wakiulizana kuna nini, wakiteremka kisimani. Nje kukawa kimya. Nikaanza kumcheka Mbuke moyoni na kumhesabia fahali wake.

Ndipo miguu ikaja mbio kupandisha mlima. Mtu aliingia bila hodi, akaanguka kifudifudi sebuleni na kulia kwa sauti, "Mayu, wamekuua. Mayu wangu, wamekuua." Hakuwa ametupa jicho popote kutafuta maiti. Alikuwa Maduhu, ambaye kutoka mlangoni kwake mpaka kisimani unaweza kurusha jiwe.

Watu walipanda na Mbuke mbele yao, na Valerian, aliyekuwa wa kwanza kufika kisimani, amemshika mkono asijikwae. Maduhu alipoiona sura ya Mbuke kilio kilikatika.

"Maduhu, mwanangu," Mbuke alisema, "nani amekuambia nimekufa?"

Mihayo, mkuu wa sungusungu, alimketisha chini, naye akaeleza yote. Mganga alimwambia mtoto wake ameliwa na mwanamke mwenye macho mekundu aliyemnyonyesha baba wa mtoto huyo maziwa ya ng'ombe. Watu ambao Maduhu aliwakodi machimboni Geita waje kumuua walikuwa wafike juma hilo, siku wanayoijua wao. Aliposikia mwano alidhani tayari, akawahi ili awe wa kwanza kumlilia. Polisi walimchukua yeye, wakaenda kumtafuta mganga pia.

Mihayo alitaka kuisamehe ile faini. Mbuke alikataa, akasema mwano ulikuwa wa bure na sheria ni sheria. Aliingia zizini mwenyewe akamtoa fahali wake wa pekee, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, akamkabidhi kamba. Nilimuuliza kwa nini asitoe hata mtamba, fahali ambakie.

"Huyu si wangu," aliniambia. "Nilikuwa nimemtengea Maduhu, wa kumfuta machozi ya mtoto."