Chungu Alichokiacha Mama

Siku ile tulikuwa wanne mbele ya nyumba yetu Lyulilo, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa: mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa mwisho wa kiume, na mama mmoja mkulima wa mpunga aliyetoka Mbugani. Mama yetu alikuwa amekufa miaka kumi nyuma, lakini wote tulikuwa kama tunamtazama yeye, maana chungu chake kilikuwa katikati yetu.

Kwetu, enzi za Mwingereza, chungu kililipwa kwa kujazwa. Mnunuzi alikijaza nafaka mpaka ukingoni. Nafaka ikabaki, chungu kikaondoka. Yule mama wa Mbugani alimwamini mama yetu, akaleta mpunga mapema. Mama akafinyanga, akakiweka chungu kivulini kikauke. Wiki ileile homa ikamchukua. Mpunga tuliutwanga, tukaupika matangani. Baba alikwisha kumezwa na ziwa, hivyo nikaacha shule darasa la tatu, nikakalia kigoda cha mama penye udongo.

Chungu kile sikukichoma. Shingoni palikuwa na alama za vidole vya mama, vinne na gumba, pale alipokibana. Nikibaki peke yangu nyumbani, niliingiza vidole vyangu humo. Miaka ya kwanza havikujaa. Siku moja vilijaa sawasawa. Nikavitoa upesi, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Kila baada ya mavuno yule mama alituletea salamu. Chungu hakukiulizia.

Nilipofika miaka ishirini na moja nilikuwa nimechoka kusukumwa na siku. Nikachora mistari mitatu ya mkaa ukutani: mdogo wangu wa kiume amalize shule ya misheni, nyumba iezekwe upya, chungu cha mama kiende Mbugani. Kuolewa sikukuchora. Mwanamume aliyeniposa nilimwambia angoje mistari ifutike. Hakungoja, na sikumlaumu.

Miwili ya kwanza ilitimia, nikaifuta kwa mkono wangu. Wa tatu niliuendea kwa bidii ileile, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimezoea kwamba chungu hakiendi motoni kabla ya kulainishwa. Nikakilowesha kwa kitambaa, nikakisugua kwa jiwe la mtoni, nikakipaka udongo mwekundu. Niliposimama kukitazama, shingo ilikuwa laini kama yai.

Mdogo wangu wa kike alirudi na kuni kichwani. Akazitua, akapitisha kiganja shingoni mwa chungu.

"Dada," akasema, "umemfuta mama."

Tulikichoma hivyohivyo. Kikatoka kizima, bila ufa. Tukapeleka habari Mbugani.

"Ugonile, mwanangu," yule mama alinisalimu alipofika. Akakiinua chungu, akakigonga kwa kidole. "Kinalia vizuri. Ni cha mkono wa nani?"

"Ni cha mama."

"Mama yako alikuwa akibana shingo kama anamkaba mwizi! Tumbo alililainisha, shingo aliiacha. Vyungu vyake vyote kwangu vina vidole. Hiki kina adabu mno."

Mdogo wangu wa kiume akacheka, kisha akaona uso wangu, akaingia ndani kuleta maji.

"Mama, nitakufinyangia vingine viwili," nikasema.

"Mpunga wangu niliutoa kwa ajili ya mkono ule. Ukiupata mkono huo, niletee chungu."

Hakusema kwa ukali. Alikunywa maji tuliyompa, akashukuru kwa kusema ndaga, akashika njia mikono mitupu.

Mdogo wangu wa kiume alichukua kitambaa, akausogelea ukuta wenye mstari wa tatu. "Dada, umeshalipa. Amekataa mwenyewe."

"Acha," nikamwambia.

Ukuta ule nimeupaka udongo mara nyingi tangu siku ile, na kila ukikauka naurudishia ule mstari mmoja. Chungu cha mama kipo pembeni ya kitanda changu, chekundu, hakina kitu ndani. Kila ninapofinyanga kingine nakibana shingoni, vidole vinne na gumba, kisha nakitazama. Vidole ni vyangu. Mbugani bado sijapeleka hata kimoja.