Kijiko cha Uji Mbele ya Mkwe

Pale mtaani Lucky Summer, Nairobi, hakuna aliyeelewa Muhonja alikuwa akisomea nini. Mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ulikuwa ukiisha, na bado Teresiah, jirani yake muuza githeri ya mahindi na maharagwe, alimwuliza kila alipopita, "Daktari wa midomo, umemaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Kufundisha watu kuongea! Si uje sokoni Muthurwa? Kule tunatafuta daktari wa kuwanyamazisha!"

Wateja walicheka, na Muhonja akacheka nao. Angewaeleza vipi? Mtu akipigwa na kiharusi, ulimi humsaliti, koo likasahau kazi yake, maji ya kunywa yakaelekea mapafuni. Wapo watu wanaosomea kurudisha neno kinywani na chakula kooni, lakini katika mitaa yote aliyokulia Muhonja hakuwahi kukutana hata na mmoja.

Alibakiwa na mtihani mmoja wa vitendo: kumpima mgonjwa wa kiharusi, usemi wake na umezaji wake, mbele ya mtahini. Mara ya kwanza alianguka. Mtahini, Daktari Bedan Muriuki, aliandika kwamba "anazungumza mno na wagonjwa". Mtu anasomea usemi, anafelishwa kwa kuzungumza! Akianguka tena, chuo kingemwachisha masomo.

Jumatatu hiyo, katika kliniki ndogo upande wa Makadara, aliletewa Selpher, mama Mbukusu wa miaka sitini na mitatu aliyekuwa na wiki tano tangu apate kiharusi. Binti yake Millicent alikuwa kwenye zamu kiwandani, kwa hiyo aliyemleta ni mume wa binti huyo, Wekulo, fundi wa kuchomelea vyuma. Mama alipakiwa kwenye tuktuk peke yake. Mkwe akaja nyuma kwa miguu. Muhonja aliwaona dirishani akaelewa papo hapo, kwa kuwa naye ni Mluhya kama wao. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Na mama kufunua kinywa ale mbele ya mume wa bintiye, hiyo ni aibu isiyosemeka.

Wekulo alisimama mlangoni. "Daktari, acha mimi ningoje nje."

"Ingia," Muriuki alisema bila kuinua macho kwenye fomu. "Mlezi awepo chumbani muda wote. Kipengele cha nne."

Wekulo akaingia, akaketi pembeni akiwa ameupa ukuta uso, kama mtoto aliyeadhibiwa. Muhonja alitaka kusema. Kisha akaiona kalamu ya Muriuki ikingoja juu ya karatasi, naye akameza maneno yake.

"Mama, unaitwa nani?"

Selpher akavuta leso aliyojitanda kichwani mpaka machoni.

"Hiki ni nini, mama?" Akamwonyesha kikombe. Leso haikushuka.

Akachota uji kwa kijiko, akausogeza. Mama akabana midomo. Alipojaribu tena, Selpher aligeuza shingo polepole, na chozi likateremka upande ule wa uso uliolegea.

"Andika," Muriuki akasema.

Muhonja akaandika: hatamki, hamezi, awekewe mpira wa kulishia puani. Aliandika bila kusita, na hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko yote.

"Safi kabisa," Muriuki akasema akitia saini. "Leo umeacha kupiga domo."

Nje, Wekulo alikuwa amekwenda dirishani kwa karani kuulizia huo mpira. Selpher alikuwa peke yake kwenye benchi. Muhonja alipompita, leso ikashuka.

"Maji," mama akasema.

Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka. Muhonja akamletea kikombe, akamketisha wima. Funda moja. Akangoja. Funda la pili, la tatu. Hakukohoa, wala sauti haikulowa kama ya mtu aliyepaliwa.

"Wewe... wa wapi?"

"Kwetu ni Vihiga, mama."

Selpher akamkazia macho. "Basi... ulijua."

Muhonja alirudi chumbani mbio. Muriuki alikuwa akivaa koti.

"Daktari, yule mama anaongea na anameza. Hakuweza mbele ya mkwe wake. Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Muhonja, hapa tunapima koo. Hatupimi mila."

"Koo lina mwenyewe, daktari!"

"Ukiifuta ripoti, umekiri ulipima vibaya. Nami siwezi kutia saini upimaji mbaya. Umeelewa?"

Alielewa. Akaivuta fomu, akapiga mstari juu ya kila alichoandika. Muriuki naye akapiga wake juu ya saini, kisha akaongeza chini, kwa mwandiko mzuri: *Upimaji wa mwanafunzi si halali. Urudiwe na mtaalamu aliyesajiliwa.* Wakaipeleka dirishani, karani akafungua kitabu cha miadi. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya miezi mitatu.

"Na kwa sasa?" Muhonja akauliza.

"Kwa sasa, mpira," Muriuki akajibu. "Ndiyo salama."

"Amekunywa maji mbele yangu!"

"Mbele ya nani? Wewe si mtu wa kushuhudia kitu hapa tena."

Robo saa kabla, uongo wake ulitosha kumtia mtu mpira puani. Ukweli wake haukutosha kuuzuia.

Wekulo, aliyekuwa palepale dirishani, alikuwa ameyasikia yote. "Hatutaki mpira," akamwambia karani. "Tunakwenda nyumbani. Bintiye atamlisha."

Muhonja akamkimbilia koridoni na karatasi aliyoiandika harakaharaka. "Aketi wima. Kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo mwongeze. Akikohoa, acheni. Akipata homa, mkimbizeni hospitali. Na hapo chini nimeandika namba yangu, nipigie saa yoyote."

Wekulo aliisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza, akihifadhi kila neno kichwani.

"Dada, ungesema tu, 'Huyu atoke nje.' Maneno matatu."

"Nilikuwa na mtihani."

"Na mimi nilikuwa na mama."

Akaikunja karatasi kwa chini, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akaichana taratibu. Maagizo akayatia mfukoni. Kipande chenye namba ya simu akamrudishia.