Mkono wa Mume Wangu Niliufua kwa Ekseli ya Lori

Mkono wa kulia wa mume wangu niliufua mimi mwenyewe, kwa ekseli ya lori.

Najua wapo watakaosema bibi kachanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nakaribia miaka tisini, meno sina, akili ninayo. Anayeandika ni mjukuu wa dada yangu, mimi nasema tu, na nimemkataza kupamba.

Naitwa Mwatumu. Mambo haya ni ya mwaka hamsini na sita, kwenye kambi ya mkonge nje kidogo ya Pangani.

Mume wangu, Uweso, alikuwa akilisha mashine ile inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu. Siku moja mashine ikaondoka na kiganja chake cha kulia. Hospitali wakamshona, wakanirudishia mume na kigutu.

Sasa, kwetu pwani huli kwa mkono wa kushoto. Uweso akasema afadhali ashinde njaa. Nikawa namlisha tonge mimi, yeye mwanamume mzima, anafumba macho ili asinione ninavyomwona.

Nilikuwa naumia, lakini namlisha.

Kisha akaja msimamizi wa kambi. Akasema chumba kile ni cha mtu anayefanya kazi. Uweso akipata namna ya kuvuta mafungu ya majani kutoka kwenye vitoroli vya reli, atabaki. Akishindwa, tufungashe.

Tufungashe twende wapi? Wazazi wake walishakufa. Kwetu Ushongo baba yupo kaburini na nyumba imelala chini.

Siku ile ile Uweso akaniambia, "Mwatumu, wewe si binti wa mhunzi?"

"Binti ndiyo, bwana. Mhunzi alikuwa baba."

"Mvukuto wake unao. Koleo unayo. Nifulie kulabu."

Nikamwangalia nijue kama anatania. Hakuwa anatania.

Basi nikachimba tanuri nyuma ya nyumba. Majirani wakanicheka mpaka basi. Mwanamke na nyundo wapi na wapi. Niliwaacha wacheke, maana hakuna aliyejitolea kunipa chumba chake.

Kazi tulifanya hivi. Navukuta mimi mpaka chuma kiwe chekundu. Uweso anakishika kwa koleo kwa mkono wake wa kushoto, mimi nagonga. Akisema "gonga" nagonga, akisema "acha" naacha. Tangu aumie hatukuwa tumewahi kuongea hivyo.

Kulabu ya kwanza tuliifua kwa msumari wa reli ya vitoroli. Tukaishikiza kwenye ala ya ngozi inayovikwa kwenye kigutu, na mikanda ikapita mabegani hadi mgongoni. Bizimu, kile chuma cha kufungia mikanda, ilikaa katikati ya mgongo, kwa hiyo kila asubuhi namfunga mimi, jioni namfungua mimi.

Akaenda kazini kifua mbele.

Alivuta fungu la kwanza, kulabu ikafunguka. Ilinyooka kama kidole. Uweso akaanguka kwa matako mbele ya watu, na watu wale walicheka kicheko ambacho alikuja nacho nyumbani.

Msimamizi akamwambia arudi na mkono wa maana au asirudi.

Nikapanda lori hadi Tanga mjini kutafuta chuma. Nikazunguka kutwa nzima, nikarudi na kipande cha nondo. Uweso akakigonga mara moja tu, akakitupa.

"Hiki nacho laini," akasema. "Nataka kitu kisichojua kukunjika."

Nikaenda karakana ya kambi kwa fundi wa malori, mzee Zebedayo, Mshambaa, Mlutheri, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umefuata chuma."

"Nani kakuambia?"

"Kambi nzima inajua."

Akanionyesha ekseli iliyokatika, ule mhimili wa magurudumu ya lori, imelala kwenye majani. Akaigusisha kwenye jiwe la kunolea la kuzungusha, kisha akagusisha na ile kulabu yangu iliyonyooka, ya msumari wa reli, niliyokwenda nayo. Msumari ukatoa cheche ndefu, zinazokwenda na kuzimika. Cheche za ekseli zilikuwa zinapasuka mwishoni, zinachanua.

"Hiki kimechanganywa na madini mengine huko kiwandani," akasema. "Ndiyo maana kinabeba lori na mzigo wake. Lakini kufua kwake utajuta."

Hakusema uongo. Kile chuma kilinivua ngozi ya viganja. Wekundu wa kawaida haukitoshi, lazima kifike rangi ya machungwa, na ukichelewa kidogo nyundo inakurukia usoni. Lakini kulabu ikatoka, nene, nzuri, haina kasoro.

Ikabaki kuizima, yaani kuichovya ingali ya moto ili iwe ngumu.

Baba yangu alizima mapanga kwa maji ya bahari. Ushongo wote, mpaka Pangani, mhunzi asiyezima kwa maji ya bahari alionekana mwanafunzi. Uweso alijua hilo na mimi nilijua, wala hatukujadiliana. Nikateka debe zima ufukweni, nikalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Kulabu ilipoingia majini ikalia. Mlio mwembamba, mara moja. Tulipoitoa ilikuwa na ufa kutoka shingoni hadi kwenye ncha.

Uweso akakaa chini mchangani. Alisema, "Basi, Mwatumu. Mungu hataki," na nikaona amemaanisha.

Mimi nilikataa. Hasira zangu mnazisikia hata leo, fikirieni wakati ule nina miaka ishirini na moja. Nikarudi kwa Zebedayo na kulabu yangu yenye ufa, nikaitupa mbele yake.

Akaigeuza geuza. "Mlizima kwa maji?"

"Ya bahari."

"Chuma hiki maji yanakiua. Kizime kwa mafuta, kipoe taratibu. Nilidhani mnajua."

Mafuta ya nazi ninayo, nakamua mwenyewe. Akanipa kipande kingine cha ile ekseli, tukaanza upya. Safari hii nikazima kwa mafuta, ua mzima ukanukia kama napika vitumbua. Kisha tukaipasha tena polepole ili isivunjike kirahisi, tunaisugua, tunaangalia rangi ikipita juu yake, njano, kahawia, mpaka buluu. Ilipofika buluu Uweso akasema, "Toa."

Tukaijaribu kwenye mnazi. Aliivuta kwa uzito wake wote, na mimi nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu. Haikukatika wala haikujikunja.

Uweso akacheka. Mara ya kwanza tangu aumie, akacheka na macho yake yako wazi. Nilifurahi mpaka nikalia.

Akarudi kazini. Alivuta mafungu kuliko wenye mikono miwili, na waliomcheka wakaanza kumwita Mkono Mkono kwa heshima. Chumba kikabaki chetu. Mimi nikaendelea kumlisha, lakini sasa alikuwa ananitania kwamba tonge langu dogo.

Miezi michache tu.

Asubuhi moja nilimfunga bizimu kama kawaida, akaenda. Jua halijapanda sana wakaja wanaume wengi mlangoni.

Kulabu ilikuwa imeshika kwenye mnyororo, ule unaopeleka majani ndani ya mashine. Mnyororo ukaenda naye. Alijaribu kufikia bizimu kwa mkono wa kushoto. Haifikiki. Mpaka wanaizima mashine, hakukuwa tena na mtu wa kutoa.

Tulizika kilichopatikana.

Nikakaa eda mle mle chumbani. Msimamizi alinivumilia hadi eda ilipokwisha, kisha nikahama.

Nikiwa bado ndani ya eda alikuja Zebedayo. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, akaweka kitu kizingitini, kimefungwa kwa kitambaa cha kaki. Nilijua ni nini kwa mlio wake kilipogusa sakafu.

Nikamuuliza nikiwa ndani, "Imekunjika?"

"Haikujikunja hata kidogo, mwanangu," akasema. "Ungekuwa msumari ule wa reli, ungefunguka. Angeanguka kwa matako, watu wangecheka, na jioni angerudi."

Nikakivuta ndani kile kitambaa, sikukifungua.

Watu huniambia nimsamehe Mungu, nijisamehe, nimsamehe fundi. Mimi sina wa kumsamehe. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na chuma nacho kilifanya yake.

Nyie mnaofua na kuunga vyuma majumbani, mnauliza mtandaoni chuma kipi kigumu kuliko vyote. Mnauliza nusu ya swali. Kila kitu unachotengeneza, ipo siku kitavutwa kupita uwezo, na siku hiyo lazima kitu kimoja kishindwe. Amua mapema kiwe chuma. Usipoamua, atakuwa mtu.