Plastiki za Bi Shamsa

Fundi wa silaha wa Mchafukoge hapokei bastola mkononi mwa mtu. Utailaza mwenyewe juu ya kitambaa chake cha kijani, mdomo ukielekea ukutani, ndipo aitoe risasi na kutia kidole kidogo ahakikishe chemba iko tupu. Bi Shamsa, muuza dhahabu wa Kariakoo, alimtaka aondoe kwenye bastola aliyoileta triga na vilengeo vya plastiki vilivyotoka kiwandani, atie vya chuma. "Inanitia aibu. Utadhani vibastola vya watoto siku ya Idi!" Fundi akachukua bisibisi. Alifanya kazi akiimba puani, vidole vyake vinene vikienda taratibu kama vya mtu anayechambua samaki mwenye miba. Alipomaliza, alimrudishia plastiki zake kwenye kikaratasi, kama fundi cherehani mwaminifu anavyorudisha vipande vya kitambaa.

"Nyumbani kuna watoto?"

"Wajukuu, mashaallah."

"Basi hao, mama, hata hii ya chuma wataiona ni ya Idi."

Bi Shamsa alikuwa ameshafungua mkoba aitie bastola, ule ule ambao wajukuu huupekua kila jioni wakitafuta pipi. Akaufunga polepole. Bastola ikabaki juu ya kitambaa.