Rivasi ya Njia ya Maneromango

Tangu mkewe, Atupele, ahamishiwe Maneromango, Mzee Ambokile alikuwa amejifunza kupika wali bila kuuunguza na kufua mashuka mwenyewe. Kitandani alilala upande wake uleule, wa ukutani, ingawa sasa kitanda kizima kilikuwa chake.

Nyumba yao ya Pangani, pale Kibaha, waliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja, yeye akiwa bwana shamba na Atupele mkunga. Ambokile alipostaafu alidhani sasa watakaa pamoja. Mwezi uliofuata barua ya uhamisho ya Atupele ikaingia.

Mwanzoni aliwasha Corolla yake ya zamani kila Ijumaa akamfuata. Kisha msimu mmoja wa masika, kwenye kipande chembamba cha udongo, akakutana uso kwa uso na lori la mkaa, ikabidi yeye ndiye arudi nyuma. Shingo yake ilikuwa imekakamaa tangu alipoanguka na pikipiki ya kazini, haigeuki. Akarudi kwa kubahatisha, na tairi la nyuma likazama mtaroni. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuipita njia ile. Basi nalo alilijaribu mara moja. Lilimrusharusha hata akakaa siku tatu hawezi kuinua kichwa. Ikawa Atupele ndiye anayekuja, kila mwisho wa mwezi, mpaka muuguzi mwenzake alipojifungua na zahanati ikabaki mikononi mwake. Miezi minne ikapita. Kwenye simu sauti yake ilikatikakatika, na Ambokile alibaki ameishika sikioni hata baada ya kukatika kabisa.

Siku moja alipeleka gari Maili Moja kwa Zuleha, fundi umeme wa magari, taa ya mbele ikiwa imeungua. Zuleha alizunguka nyuma, akapapasa bampa lililobonyea.

"Mzee, huku nyuma pameumia."

"Shingo, mwanangu. Sioni ninakorudi."

"Tukufungie kamera basi."

"Gari kuukuu namna hii?"

"Kamera haiulizi umri wa gari."

Akakaa kwenye benchi akimtazama. Zuleha alitoboa tundu dogo juu ya kibao cha namba, akaiweka kamera isiyozidi kifundo cha kidole, akapitisha waya ndani ya buti na chini ya zulia hadi kwenye dashibodi, alipobandika kioo kidogo cha kuonyesha picha. Umeme aliuchukua kwenye taa ya rivasi, ili kioo kiwake gia ya kurudi inapoingia tu. Walipojaribu, mpapai uliokuwa kulia ulionekana kushoto. Zuleha akarudi kwenye buti, akakata kijiwaya kimoja cha kugeuza picha, na mpapai ukahamia mahali pake.

"Kitu kikiwa kwenye mstari wa kijani hapo kiooni, kiko mbali bado," alimwambia. "Kikifika mwekundu, simama."

Ambokile aliingiza rivasi mara tano palepale. Mara ya sita Zuleha akauliza, "Unasafiri, mzee?"

"Kesho," alijibu, na ndipo yeye mwenyewe alipojua kwamba anasafiri.

Alipita Kisarawe mjini asubuhi. Kwenye kipande kilekile cha udongo lori likatokea, safari hii la mihogo, likapiga honi. Jasho likamtoka. Akaingiza rivasi, akakodolea macho kile kioo kidogo, akarudi taratibu hadi penye upana. Dereva wa lori akamwinulia mkono na kupita. Ambokile alikaa dakika nzima kabla ya kuondoka tena.

Nyumba ya Atupele ilikuwa nyuma ya zahanati, na uchochoro wake hauna pa kugeuzia, hivyo akaingia kinyumenyume. Kwenye kioo akaona miguu ya mtu, halafu kitenge, halafu Atupele mzima, amekonda kidogo, amesimama ndani ya mstari wa kijani. Akakanyaga breki. Hakushuka upesi, alimtazama vile alivyo, akijipangusa mikono na kutafuta ni gari la nani.

"Baba Lugano?" Atupele alikuja dirishani. "Umefikaje?"

"Nimekuja kinyumenyume."

Akacheka, akaegemeza paji la uso begani kwake.

Jioni, wakila, Atupele alimwambia alilokuwa anashindwa kusema kwenye simu. Wilayani walikuwa wamekubali kumrudisha Kibaha, naye akaomba abaki hadi apatikane mkunga mwingine. Wanawake wanane walikuwa karibu kujifungua.

Ambokile alikata tonge, akalirudisha sahanini. Alikuwa ameshakipangusa chumba chao cha Pangani moyoni mwake, ameshafungua madirisha.

"Hadi lini?"

"Sijui, baba."

Akalichukua tena lile tonge, akalila. Kisha akauliza ni siku gani huwa ana nafasi kidogo, Ijumaa au Jumamosi.