Mashine ya Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyemwambia direkta wa shirika letu kwamba mdogo wangu amemaliza masomo ya informatiki, mambo ya kompyuta, huko Kisangani na anatafuta kazi. Nilimsifia kwa moyo wote. Direkta alimwita, wakazungumza muda mfupi, na wiki iliyofuata mdogo wangu akaingia katika biro, ofisi yetu hapa Bunia, akiwa na ordinateri yake, kompyuta ya kubeba, kwenye mfuko wa mgongoni. Alipewa meza iliyotazamana na yangu.

Shirika letu ni dogo. Tunasaidia wakulima wa upande wa Gety na Komanda. Maagronomu, wale wataalamu wa kilimo, wanaandika kwa Kifaransa, wafadhili wanaandika kwa Kifaransa, na wakulima wenyewe wanataka Kiswahili. Katikati yao nilikuwa nimekaa mimi, miaka mingi. Kila hati ilipita mikononi mwangu. Marais wa kamati za wakulima walinipigia simu kuniuliza maana ya neno fulani, na tukishamaliza neno tuliendelea na habari za watoto, mvua, ng'ombe. Nilikuwa na njia yangu ya kusema mambo. Maagronomu walipoandika juu ya mbegu zilizoboreshwa katika maabara, mimi niliandika "mbegu zilizochaguliwa vizuri kati ya nyingine", kwa sababu nilitaka mtu aone mkono unaochagua. Nililipenda neno hilo kama mtu anavyopenda kitambaa alichokishona mwenyewe.

Mdogo wangu aliniangalia nikifanya kazi kwa majuma machache. Kisha asubuhi moja akavuta kiti chake karibu na changu, akaniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, hii kazi yote unaifanya na mikono?"

"Nifanye na nini?"

"Acha nikuonyeshe kitu. Usikasirike."

Alikuwa ameunganisha programu tatu za mtandaoni: ile tunamowekea hati zetu za biro, ile inayotafsiri, na ile ya ujumbe ambayo kila mtu anayo katika simu. Aliweka hati moja ya Kifaransa mahali pake. Hakugusa kitu kingine. Tulikaa tukinywa chai, na kabla kikombe changu hakijapoa simu yangu ikalia. Hati ilikuwa imefika kwa Kiswahili, vichwa vya habari mahali pake, hata jedwali la misimu ya kupanda limekaa sawa. Wakati huohuo ilikuwa imefika kwa kamati zote.

Niliisoma nikitafuta makosa. Niliyaona mawili, madogo. Halafu nikafika kwenye mbegu. Mashine ilikuwa imeandika "mbegu bora". Maneno mawili tu. Yalikuwa mazuri kuliko yangu, na nilijua hilo mara moja.

"Iko muzuri," nikamwambia.

"Kweli, yaya?"

"Nimesema iko muzuri."

Direkta aliposikia aliita mkutano. Mdogo wangu alisimama mbele ya ukuta, akaeleza kwa sauti ya utulivu, na wale maagronomu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiniwekea karatasi mezani bila kuinua macho sasa walikuwa wamenyoosha shingo. Mmoja alipiga makofi. Mimi nilikaa nyuma nikimtazama jinsi alivyofunga nywele, na nikawaza kwamba ni mimi niliyemfundisha kuzifunga hivyo.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Tunakaa mtaa wa Shari pamoja na baba yetu, mwalimu mustaafu. Nilipokuwa mtoto, wageni walipokuja, papa alinisimamisha katikati ya nyumba, akanipa ukurasa wa Kifaransa niusome kwa Kiswahili papo hapo. Wageni walitikisa vichwa, papa alicheka. Kicheko hicho nilikifanyia kazi maisha yangu yote. Jumapili moja baada ya misa mdogo wangu akatoa simu, akamwomba papa aandike kitu kwa Kifaransa. Papa akaandika polepole kwa kidole kimoja. Jibu liliporudi kwa Kiswahili, papa akavua miwani, akaipangusa, akalisoma tena.

"Mutoto huyu," akasema. "Watu wasikie. Mutoto huyu."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la sombe, majani ya muhogo. Niliwapakulia wote wawili, na mdogo wangu nilimpa kidogo kuliko papa. Sijui kama aliona.

Kisha ikatokea hati iliyonipa matumaini. Ilikuwa juu ya mashamba ya mafunzo, yale ambayo wakulima wanalima pamoja ili wajifunze. Mashine iliandika "shamba la shule". Rais wa kamati ya Gety, mama mmoja mwenye sauti nzito, akapiga simu kuuliza ni shule gani inataka kuchukua shamba lao. Alinipigia mimi. Nilimweleza taratibu, tukacheka pamoja, na nilipoweka simu chini nilikuwa mwepesi kabisa. Nilimwendea mdogo wangu nikiwa nimeipanga sauti yangu iwe ya huruma.

"Mashine yako imeleta matata Gety."

Akasikiliza, akaandika kitu, akaniuliza, "Yaya, hati zako zote za zamani bado ziko?"

Nilimwambia ziko. Sikujua anataka nini. Kwa siku mbili alikaa akizichambua hati hizo, akatoa maneno yangu moja moja, akayaingiza mashineni ili iyatumie yenyewe. Shamba la mafunzo. Kamati ya kufuata kazi. Mvua ya kwanza, mvua ya kati. Mbegu aliziacha zilivyokuwa, "mbegu bora", na hakuniuliza. Tangu hapo mashine ilianza kuzungumza kama mimi.

Tulienda Komanda kwa mkutano wa kamati, katika ukumbi wa kanisa, na nje malori yalikuwa yakipumzika. Muzee mmoja alisimama na karatasi mkononi.

"Mwanzo tulikuwa tunaogopa hii mashine," akasema. "Lakini inasema sawa siye. Inajua namna yetu. Aksanti kwa huyu binti."

Watu wakamgeukia mdogo wangu. Yeye akanionyesha mimi kwa kidole, akasema, "Maneno ni ya yaya." Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyocheka mtu akikataa sifa kwa adabu, wakampigia yeye makofi. Njiani kurudi aliniegemea begani akalala. Nilitaka kumsukuma. Nilibaki nimekaa wima mpaka Bunia, bega likiniuma.

Haukupita muda mrefu akapata kazi Kinshasa. Kila mtu alihuzunika waziwazi. Mimi nililia siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, na nililia kwa kweli, ila ndani ya machozi hayo kulikuwa na nafasi, kama chumba kilichoondolewa kitanda kikubwa.

Jumatatu hati ziliwekwa mahali pake, na simu hazikulia. Jumanne vilevile. Direkta alizungukazunguka biro.

"Bila yule mutoto tutafanya nini?" akauliza, akiwa amesimama mbele ya meza yangu.

Ningeweza kuvuta hati ya kwanza na kuitafsiri kama zamani. Niliivuta. Niliandika sentensi tatu, nikajikuta nasubiri simu ilie. Nilikasirika sana. Nikatoka nje, nikampigia mdogo wangu.

"Aa, ni akaunti," akasema. "Vyote vilikuwa vimeungwa na jina langu. Biro imefunga akaunti yangu, sasa ile kamba imekatika. Kaa kwa ordinateri, yaya. Nitakuambia, weye utafanya."

"Fanya weye kutoka huko."

"Hapana. Lazima iwe na jina yako."

Alinielekeza kwa sauti, pole pole. Fungua ile ya hati, ruhusu. Fungua ile ya kutafsiri, ruhusu. Nilikosea, tukarudi mwanzo, koneksio ikakatika, tukarudi tena. Hakuonyesha uchovu hata mara moja, na uvumilivu wake ulinichoma kuliko kama angenigombeza. Mwishowe niliweka hati ya majaribio. Simu yangu ikalia, na ya mhasibu katika chumba cha pili, na ya mlinzi getini.

Direkta akaja mbio. "Ametengeneza kutoka Kinshasa?"

"Hapana. Nimetengeneza miye."

Akaitazama skrini, akanitazama. "Basi unaweza kuongeza na Lingala? Wale wachuuzi wa Komanda wanaiomba."

Nilimwambia nitajaribu. Nilijaribu alasiri yote, na hati ikafika kwa Lingala pia.

Jioni mdogo wangu alipiga simu nyumbani, papa akaiweka juu ya meza ili wote tusikie. Mdogo wangu akamweleza kwamba mashine ilikufa na kwamba ni yaya aliyeifufua, na kuiongezea Lingala ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya. Papa akanitazama juu ya miwani. "Ni vizuri sana," akasema, kama alivyokuwa akiwaambia wanafunzi wake. Kisha akaiinamia simu, akamuuliza kama anakula vizuri huko, kama joto la Kinshasa halimsumbui, na mdogo wangu akamwambia jambo fulani juu ya jirani yake na jogoo, na papa akacheka kile kicheko chake kirefu.

Nilisimama nikaenda jikoni kutazama maharagi. Yalikuwa bado magumu, nikaongeza maji.